Nusu ya Somo la Ndiga

Rutamba,
Lindi.
20 Machi 2025

Mpendwa kaka Dionis,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Hali yako huko Sumbawanga ikoje, na kile kifua cha baridi kimepona? Shemeji Rosemary na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, ndiyo habari njema pekee niliyonayo. Kama umesimama, kaa kwanza.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga humu ndani mama anasikia, nikitoka nje majirani wanasikia. Afadhali kalamu.

Unakumbuka nilivyokuringia habari za Jumatano zetu hapa barazani? Wanawake kumi na kitu, na fundi Benedicto na redio zake mbovu, kila mtu anakuja na analolijua. Hakuna mwalimu, hakuna daftari la mahudhurio. Wiki hii kushona, wiki ijayo kusoma karatasi za kliniki, katikati umbea na chai ya rangi. Sheria niliyoweka mimi ilikuwa moja tu: kuja ni hiari na kuondoka ni hiari. Nilijiona mjanja kweli.

Mwaka huu njaa imetuingia. Mvua ilikatika Januari, na vimahindi vilivyobaki tembo wakavimaliza. Watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi pori, na ming'oko ilipoadimika wakaanza kuzitazama ndiga, mizizi mingine ya huko huko. Sisi wa rika letu ndiga tumezisikia tu kwa wazee, kwamba zina sumu lakini zikitengenezwa vizuri zinaliwa. Nikamwomba mama atufundishe. Mimi, si mtu mwingine.

Mama alifurahi, kaka. Alivaa kanga mpya. Akaonyesha kumenya, akaonyesha kukata vipande vyembamba, akasema, "Halafu mnalowesha." Hapo hapo mtu akapiga kelele kuwa bomba limefunguliwa. Unayajua maji ya hapa, ukichelewa unarudi na ndoo tupu. Magdalena mke wa Leonard, yule binti wa nyumba ya nyuma yetu, akainuka na ndoo zake. Hakusikia kwamba ni siku tatu, tena kwenye maji ya mto yanayotembea. Yeye alilowesha kwenye ndoo siku moja, kama tunavyofanya muhogo, akawapikia wanawe.

Rosa wao amefariki, kaka. Miaka mitano. Mdogo wake alitapika sana lakini hospitali walimwokoa. Leonard alikuwa Kilangala kwenye vibarua. Alipofika mtoto alikuwa ameshaoshwa. Yamepita majuma matatu sasa.

Maneno ndiyo usiseme. Wanaliita baraza letu darasa la mauti. Mwenyekiti wa kitongoji amekuja mara mbili, akasema ni bahati mbaya, lakini watu bado wanapita upande wa pili wa njia. Mama amejifungia chumbani. Uji anakunywa vijiko viwili, anasema ulimi wake umeua mtoto wa watu. Nikimwambia si kosa lake anageukia ukutani. Amekonda, kaka, nilianza kuogopa kwamba tutamzika na yeye.

Na mimi nimewaacha watu wamseme mama. Sasa sikiliza ninalokuandikia, maana ukishalijua wewe sitaweza kujificha tena. Magdalena alipoinuka siku ile aliniuliza, "Dada, na haya mengine?" Nikamwambia kimbia wewe, nitapita kwako nikusimulie. Kutoka kwetu hadi kwake hata hatua hamsini hazifiki. Sikupita. Sikuumwa, sikupata mgeni. Nilisahau tu, basi.

Jana ilikuwa Jumatano. Hakuja mtu, wala sikutegemea. Saa kumi nikamwona Magdalena anaingia, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, akakaa pale pale anapokaaga. Akamwita mama kupitia dirishani, "Bibi, toka. Nimekuja kusikia mwisho wake. Nimebaki na mtoto mmoja na njaa haijaisha."

Mama akatoka. Akamfundisha yote kuanzia kumenya, na Magdalena anarudia kila neno. Siku tatu. Maji yanayotembea. Walipomaliza walishikana wakalia, na mimi nimekaa pembeni kama mwizi. Jioni mama akala ugali, matonge manne niliyahesabu.

Kabla ya hapo nilimsindikiza Magdalena. Tulipofika nyuma ya nyumba yao nikapiga magoti mchangani, nikamwambia kosa si la mama, ni langu, niliahidi kupita nikasahau.

Akasema, "Najua, dada. Nilikungoja mpaka Alhamisi jioni. Watoto walikuwa wanalia."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Leo nitamwambia mama, kabla sijampa dereva wa basi barua hii. Mwandikie na wewe, mpe moyo, usinitetee. Msalimie sana shemeji Rosemary, na Anthony mwambie shangazi yake anamkumbuka. Msalieni Rosa rozari moja hapo nyumbani. Mungu awalinde, na chakula asiwanyime.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata katika aibu hii,

Marietha