Kuku wa Kananu

Kendi, uko? Leo mgeni ametufikia hapa Timau bila taarifa na mpaka sasa siamini.

Tulikuwa kanisani na kikundi changu cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, tunakaribia kufunga kikao kwa sala. Mzee wa suti akaingia. Ametumwa na wakubwa wa kanisa kuamua kama tutabaki na chumba hiki tunachokutania au kitapewa kwaya. Akataka nimsimulie ripoti ya kikundi papo hapo, kwa sababu anakimbilia Meru.

Lakini nilikuwa nimemwahidi Kananu, mmoja wa watoto hao, kwamba leo yeye ndiye ataomba, na hakuna atakayemkatiza. Ana miaka kumi na sita, Kendi, na kila mahali watu humsemea "Amina" kabla hajamaliza.

Basi akaomba. Akawaombea kuku wa kwao. Mmoja mmoja! Kwa majina! Sisi sote tumesimama, macho tumefumba.

Alipofika kwa jogoo wa jirani, mgeni akapaza sauti: "Amina!"

"Bado, babu," Kananu akamwambia. Akaanza upya, kuku wa kwanza.

KUKU WA KWANZA, Kendi.

Mama yake akaninong'oneza, "Mwalimu, mkatize tu. Tumezoea."

Mgeni naye: "Nikitoka bila ripoti, chumba ni cha kwaya."

Nikamwambia, "Nilimwahidi, mzee."

Akatoka. Chumba kimeenda.

Kananu akamwombea afike salama, kisha akaanza mbuzi. Tulisimama hadi mbuzi wa mwisho, na "Amina" aliisema mwenyewe.