Video ya Emérita

Nadine, uko? Usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Unakumbuka ile video ya Emérita? Kifafa kilimuangusha mu shamba ya maharagi, nikapiga video juu watu ya recherche, wale wanachunguza dawa ya kifafa, walitaka kuona vile mwili inakaza. Nilimuapia mama yake: ni madaktari tu njo wataiona.

Leo wameionyesha mu reunion yao, mukutano mukubwa hapa Masisi, mbele ya watu wote!! Ukuta muzima. Sura yake, mapovu mu kinywa, nguo imepanda mpaka kwa mapaja. Hata wale watu wenye walikuja kumuposa walikuwa pale.

Na Mama Emérita mu mustari ya kwanza. Walimuita kutoka kwao Bihambwe eti wamushukuru.

Aliniangalia. "Falone. Ulisema madaktari tu."

Madaktari tu, Nadine. Njo vile nilisema.

Akasimama, akafungua kitenge yake, akainyoosha mbele ya ukuta. Hakuna mwenye alizima projecteur. Video ikamuangukia yeye, mutoto akaendelea kutetemeka juu ya mugongo ya mama yake. Juu ya mugongo yake!

Unajua professeur, mukubwa wao mwenye hajui Kiswahili, alisema nini? "Falone, mwambie mu article ya madaktari tutaficha sura."

Nikamuambia. Mama akajibu: "Article inasomwa kwao. Emérita anaishi huku."

Professeur akanigeukia: anasema nini?

Na miye, Nadine, juu ya kuogopa kupoteza kazi yangu, nikamutafsiria: "Anasema amesikia, anashukuru."