Barua Iliyokuta Mlango Umefungwa

Yustina mwanangu,

Miezi sita imepita tangu tukuzike, nami mama yako bado nina hasira. Si na wewe. Na mimi mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukichuchumaa njiani? Tukitoka kisimani, hatua chache tu, chini, midomo imebadilika rangi utadhani umekula zambarau. “Tangulia mama, nakuja.” Nami nakugombeza, mtoto gani mvivu namna hii. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaupumzisha moyo. Nilikuja kuelezwa na daktari alipokupima kifua: moyo una tundu, hapa Ifakara hawawezi kuuziba, ataandika Dar es Salaam kwa mabingwa wa moyo wa watoto, sisi tusubiri barua ya kuitwa.

Tukasubiri. Mvua zikaanza, watu wakahamia mashambani ng'ambo ya mto. Baba yako akasema barua za serikali hazina haraka, mpunga ndio wenye haraka. Nikakubali. Nikafunga nyumba hapa Kibaoni, nikabeba sufuria na mikeka, na jirani sikumwachia hata neno. Ukakaa kwenye dungu kufukuza ndege kwa kasauti kako, nao walishajua huwezi kusimama. Siku ya pili ya kuvuna ulichuchumaa ukaniegemea mgongoni. Nilidhani umelala.

Tuliporudi niliikuta barua, mtu wa hospitali ameisukuma chini ya mlango. Tarehe yako ilikuwa imepita wiki tatu. Tarehe hiyo, mwanangu, ulikuwa hai, unaniomba muwa. Baba yako hajui kusoma, akauliza inasema nini. Nikamwambia ni cheti tu cha hospitali. Nimeificha kwenye kanga yangu ya kanisani, na kila Jumapili inanichoma.

Sasa sikia. Sesilia wa jirani naye anachuchumaa. Nilimwona juzi na ndoo yake, nikamshika mama yake mkono, nikamfikisha hospitali na matope miguuni. Kaandikiwa Dar. Lakini mvua zimeanza, na mama yake anafunga mizigo. Nimemwambia nenda kalime, mtoto niachie mimi. Baba yako anataka kujua kwa nini mwaka huu siendi shamba, na leo akirudi nitamsomea barua yako, yote, na tarehe yake.

Pumzika, mama yangu. Sitakugombeza tena. Ya Sesilia ikija itanikuta nimekaa mlangoni.

Mama yako.