Miaka Iliyomo Ukutani

Jumatatu, 10 Julai 2023

Siorapaluk, kijijini kwetu kaskazini kwenye barafu. Shimo la tatu. Magoti yanalia. Wenzangu wa miaka hamsini na mbili wako nyumbani wanashona viatu vya ngozi ya sili, mimi nachimba mavi ya ndege mlimani! Nani alinituma kwenda chuo uzeeni?

Mashimo mawili ya kwanza yaliishia kwenye mawe. Hili nimelichagua kwa fahari: penye kijani kuliko pote chini ya jabali. Juu yetu ndege wadogo maelfu kwa maelfu, hatusikiani. Wanakula baharini, wanakunya mlimani, majani yanaota juu ya mavi — karne kwa karne. Bahari ikiwa wazi, tabaka linakuwa jeusi, nono. Barafu ikifunga bahari, ndege wanahama na tabaka linapauka. Nataka kujua jambo moja tu: waliwahi kuondoka? Na kama waliondoka, walirudi? Maana barafu siku hizi haieleweki, na sisi ndege hawa tunawala.

Binamu yangu Masaitsiaq ananilinda na dubu. Bunduki mgongoni, wavu wa mpini mrefu mkononi, anadaka ndege wakipita. Ananiita Daktari wa Mavi. Haya.

Jumanne, 11 Julai

Balaa! Nimesafisha upande wa shimo. Juu, vidole viwili vya majani mapya. Chini yake papo hapo udongo mzee, mgumu, ulioganda. Katikati — hakuna kitu. Mstari umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Nikautazama hadi chai ikapoa.

Kumbe umekatwa kwa kisu. Wazee walikata mabonge ya udongo wenye majani hapa, ya kujengea nyumba! Chini ya ndege ndiko kwenye bonge zuri, lisilobomoka. Mimi, mjukuu wa waliokata, nimesoma miaka yote hiyo nikaja kuchimba palepale.

Masaitsiaq alicheka hadi wavu ukamponyoka. Akasema karne zangu hazijapotea, ziko kule chini ufukweni: mama yake alizaliwa ndani yake.

Nyumba ya babu, ya mabonge yaleyale! Kuta bado zimesimama. Helikopta ya kunichukua mimi na sampuli inakuja Ijumaa.

Jumatano, 12 Julai

Nimekwenda kwa shangazi Tukummeq, mama yake Masaitsiaq. Nyumba si ya kale kiasi cha kulindwa na makumbusho. Mwenye ruhusa ni yeye. Nilibeba kahawa.

Alikuwa anashindilia ndege ndani ya ngozi ya sili, wazikwe chini ya mawe, waive polepole bila moto mpaka sikukuu. Nikaeleza yote. Hakuinua macho.

— Kwa hiyo unataka kubomoa nyumba ya babu yako.

— Bonge moja tu, shangazi.

Akasema ndege hawajawahi kuondoka hata siku moja, ningemuuliza tu, nisingechafua kucha. Nikamwambia chuoni Kopenhageni hawatakubali neno la shangazi yangu.

— Waje hapa. Nitawaambia mbele ya macho yao.

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana pia — hapana yake huwa inasikika kijiji kizima.

Alhamisi, 13 Julai

Kahawa tena. Leo nimeshindilia naye. Nikaacha hewa ndani ya ngozi, nikasutwa: "Hewa ikibaki wanaoza, we mtoto! Huko chuo walikufundisha nini?" Mtoto mwenye mvi.

Ghafla akasema nichukue bonge la mlangoni. Nikamkumbatia! Kisha nikauliza, mlangoni palikuwa na nini?

— Mbwa wa baba. Walifungwa pale.

Mikojo ya mbwa, miaka na miaka! Nitapima ndege au mbwa? Nilipomweleza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye manyoya ya ndege.

Kicheko kikaisha. Ukuta wa mashariki umeanguka, mvua imeuosha. Upande wa taa ya mafuta ya sili umejaa masizi. Bonge safi liko nyuma ya ulingo wa kulalia tu — na pale ndipo bibi, mama yake shangazi, alipokufa, amegeukia ukuta. Nalijua hilo tangu utotoni. Nikaomba hata hivyo. Sikubali kuondoka na nusu ya jibu.

Akafunga ngozi, akakaza uzi.

— Nitakata mwenyewe.

Ijumaa, 14 Julai

Naandika nikiwa nimesimama, mgongo ukutani. Mwandiko huu mbaya si kosa langu.

Shangazi alikuja na kisu cha baba yake. Akapapasa ukuta kama anatafuta mtu gizani. Akakata taratibu, bonge likatoka nusu. Wazee walilaza nyasi chini, kwa hiyo miaka imesimama kichwa chini miguu juu, mipya ikiwa chini. Nikaona wazi — jeusi, kijivu, jeusi!

— Hiki cha kijivu nini? akauliza.

— Ndipo walipoondoka, shangazi.

Akakigusa kwa ncha ya kisu.

— Na hili jeusi la chini yake?

— Ndipo waliporudi.

Hapo ukuta ukaguna, mawe ya juu yakatelemka kidogo. Nikajitupa kwa mgongo kuuzuia. Masaitsiaq amekimbilia mbao za kuuegemeza.

Helikopta hiyo, naisikia juu ya ghuba. Tukivuta bonge, ukuta wote unashuka. Tukilirudisha, inaondoka bila kitu. Nimemwambia shangazi atoke nje. Hatoki. Amepanda ulingoni, amekaa, kiganja juu ya tabaka la kijivu. Nikamwambia basi, tulirudishe.

— Usiliguse, amesema. Na usisogee. Bado natazama.