Zuhura Anaagiza Mwenyewe

Jumanne, 7 Oktoba

Mkahawani tena, kwa Waafghani hapa Thorncliffe, mtaa wetu huu wa ugenini. Zuhura kanihamishia meza ya dirishani, eti nikikaa karibu namdokezea maneno ya Kiingereza. Kweli namdokezea. Nilikuwa karani wa bandari Tanga, Kiingereza changu kina miaka arobaini. Cha mke wangu kina wiki moja.

Kaagiza chai vizuri kabisa. Mhudumu akamuuliza kama anataka na mkate. Akasema hapana, asante. Halafu akangoja abembelezwe. Kwetu unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu ndiyo unakubali. Binti wa watu akaichukua ile hapana akaenda zake. Zuhura karudi nyumbani na njaa. Nimecheka mpaka nyonga ikauma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwanetu Salim kapiga simu toka Calgary. Anasema nikilazwa tarehe 23 kwa upasuaji wa nyonga, mama yake aende kwake. Hapa peke yake hataweza, hata mkate hajui kuomba. Nani alimwambia habari za mkate? Mimi. Mdomo wangu huu!

Zuhura akachukua mtandio wake. Kisha: "Baba Salim, tunarudi mkahawani."

Sitaki aende Calgary. Kisu nakiogopa. Kuamka nisimwone naogopa zaidi. Sijamwambia.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo kasema ndiyo alipoulizwa mara moja tu. Mkate, maharage, hata achari. Njiani kaniambia ameona aibu, amejiona mlafi. Lakini kashiba. Miaka thelathini na nane ya ndoa na sikuwahi kumsikia akisema anachotaka mbele ya mtu baki.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kaagiza samaki, kaletewa kuku. Nikajua atamla tu. Zuhura hajawahi kurudisha chakula cha mtu. Nikaanza kuinuka. Akanitupia jicho lile. Nikakaa.

Akamwita mhudumu. Sentensi ya kwanza ikakatika katikati. Ya pili nayo. Watu wakaanza kugeuka. Akavuta pumzi, akaanza upya, polepole, kichwa juu. Samaki. Si kuku. Tafadhali. Yule binti alimsubiri amalize kila neno, Mungu ambariki, akaomba radhi, akambadilishia.

Mimi ningemla yule kuku. Na Kiingereza changu chote, nimeshakula kimya vitu vingapi nisivyoviagiza? Mke wangu ni jasiri kuliko mimi. Naandika hapa kwa sababu usoni pake sitaweza kusema.

Tulipofika nyumbani akampigia Salim. Haendi Calgary.

Alhamisi, 23 Oktoba

Hospitali. Mapokezi kazungumza yeye. Nilifunga mdomo, kazi kwelikweli. Wamesema wananiita sasa hivi. Naogopa.

Jumapili, 26 Oktoba

Nyonga mpya. Maumivu ya zamani hayafui dafu kwa haya. Zuhura anakuja kila siku kwa basi, peke yake.

Mchana nesi kaniletea supu. Nikasema hapana, asante. Mazoea tu, njaa ilikuwa inaniuma. Akabeba sinia lake.

Zuhura akasema, kwa Kiingereza, "Mwulize tena."

Nesi akasimama, haelewi.

"Mwulize mara tatu."

Akaniuliza. Ya tatu nikakubali. Supu ilikuwa bado ya moto. Zuhura akanishikia bakuli mpaka nikaimaliza.