Ng'ombe wa Babu na Tiketi ya Salma

Al-Safa, Jumanne, baada ya isha

Leo nimemponya dada yangu Salma woga wa ndege. Hapana, mwongo mimi. Nimemzidishia, na tiketi yake ya Riyadh imefutwa.

Alikuwa akifunga sanduku aende kumwona mdogo wetu Zuhura, ambaye madaktari wa kule wamekwisha kutuambia tusichelewe. Nami kwa mdomo wangu huu nikamkumbusha dunia ya babu: imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe akichoka huihamishia pembe ya pili.

"Sasa akihamisha nawe uko hewani," nikamwambia, "rubani ataukuta wapi uwanja?"

Nilitaka acheke tu. Akakaa kitandani, akavua viatu.

"Nakutania, bibi wee! Dunia duara kama chungwa. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nalijua hilo."

"Kwa hiyo babu alikuwa mwongo?"

Babu aliyetulea, aliyeamini neno lile mpaka akazikwa nalo, nimwite mwongo mbele ya Salma? Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomaliza kazi.

Basi halas, atakwenda kwa gari na mwanangu kesho alfajiri, safari ya kutwa nzima. Na kama siku hiyo moja ndiyo...

Zuhura, ulipovunja mtungi wa mama nilichapwa mimi, na sikukutaja. Hujanilipa bado. Nilipe sasa: mngoje Salma hadi kesho magharibi.