Arobaini Ilipita Bila Mimi

Jumatano. Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi, milima yote imejifunika, na mimi macho yamenivimba.

Niandike tu, maana kusema siwezi. Baba amefariki. Alifariki tangu masika, mimi nikiwa Leipzig nasoma uchumi na siasa, ule mwaka wa ugenini niliotumwa na chuo. Barua za nyumbani zote zilisema hawajambo. Nimeambiwa juzi, nilipofika.

Niliingia na koti mkononi. Koti zito la sufu nililomletea Baba, kwa sababu baridi ya huku ilikuwa inamtesa kifua kila mwaka. Hata begi sijatua, nauliza, "Baba yuko wapi?" Mama akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akakohoa. "Kaa kwanza, mwanangu."

Nikajua.

Kilichoniuma zaidi, Mungu anisamehe, ni kwamba wao walikuwa wameshamaliza. Matanga yamepita, arobaini imesomwa, kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Mimi nalia, jirani anapita na mzigo wa kuni, ananipa pole, halafu anamwuliza Mama habari za mbuzi. Za mbuzi! Nilitaka kumfukuza. Nimejifungia ndani kama mwehu, koti nimelitupa sebuleni, chakula sitaki, na nyumba nzima inanyata kwa ajili yangu.

Jana nikamwuliza Mama kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha. Kwa nini hamkuniambia?

"Baba yako alikataza."

"Ningerudi, Mama!"

"Ndiyo maana alikataza."

Akaendelea kuchambua maharage, wala hakunitazama. Hapo nilimchukia kidogo, mama yangu mzazi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Leo ilikuwa siku ya shamba la kijiji, na kila nyumba hutoa watu. Kabla ya kuondoka mimi ndiye niliyekuwa nawahubiria hapa habari za kufanya kazi pamoja, na Baba akinicheka kwamba jembe langu halijui udongo. Sasa ningebakije kitandani? Nikatoka, nimechelewa. Ukungu mzito, watu wanaonekana migongo tu, wameinama wanang'oa maharage.

Nikaliona koti. Kule juu, kwenye tuta ambalo Baba alipenda kuanzia, koti la sufu limeinama, mikono imekunjwa.

Sijui akili yangu ilikwenda wapi. Kishambaa kikanitoka chenyewe: "Tate! Tate!" Ndivyo nilivyomwita Baba tangu mdogo. Nikapanda mbio huku nakanyaga maharage ya watu.

Aliyegeuka ni Mama. Alilivaa kwa ajili ya baridi, basi.

Nilidhani watanicheka. Mama akaachia maharage, akakaa palepale kwenye matope, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake. Kisha akaanza yule jirani wa mbuzi. Kisha baba mdogo, mtu mzima, kajifunika uso kwa kofia. Shamba zima likalia. Mwenyekiti wa kijiji akapunga mkono tu, kazi ikaishia hapo.

Kumbe hawakuwa wamemaliza. Walikuwa wamejikaza.

Njiani tukirudi Mama alinishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu nianze shule. Akasema siku ya mazishi watu walimshangaa, jicho kavu. "Nilisema huyu akija, ndipo nitalia."

Na mimi nikaja na hasira.

Chuo kikifunguliwa narudi Mlimani kumaliza, kama Baba alivyotaka. Nitaweza kumwacha Mama peke yake? Sijui, jamani, sijui. Koti limeanikwa jikoni karibu na moto, pindo lote matope. Kule shambani yale maharage niliyoyakanyaga bado yametapakaa, na kesho alfajiri nakwenda kuyaokota, mimi na Mama.